Vile utafunga taa ya LED kwa tanki la matumbawe bila kuyaunguza

Kabla hujafungua hiyo boksi ya taa mpya skiza kwanza hii. Kwa matumbawe, mwanga ukizidi unaua haraka kuliko mwanga ukipungua. Tumbawe lenye giza linadhoofika polepole, unapata ata miezi ya kurekebisha, lakini ukilipiga na LED asilimia mia siku ya kwanza, ndani ya wiki hauna kitu.

Mimi nilipoteza tumbawe moja la vichwa vitatu, aina inaitwa nyundo, hivyo hivyo. Nlikuwa nimetoa zile taa za mirija, nikafunga LED, bluu mia, nyeupe mia, nikaona tanki linang'aa nikajua sasa mambo ni sawa. Usiku wa nne nikiwa nimeacha bluu peke yake nikaona ile nyundo inawaka kijani, kijani ya kuwaka kweli kweli, nikaita mke wangu aje aone, tukakaa hapo tunaiangalia tukifurahi. Siku ya sita mchana nilikuwa nasugua kioo nyeupe ikiwa imewaka, ndio nikaona vidole vyake vimekuwa kaa ule utando wa ndani ya ganda la yai, unaona mpaka mfupa. Ile kijani ya usiku ilikuwa rangi ya nyama ya tumbawe lenyewe, na ilikuwa inaonekana hivyo kwa sababu kile kitu cha kahawia kinachokaa ndani yake kilikuwa kimeshatoka.

Hicho cha kahawia ndio kila kitu. Ndani ya nyama ya tumbawe kunaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, wataalamu wanauita zuzanthela, na huo ndio unapika chakula kwa mwanga na tumbawe linakula sehemu kubwa ya hicho chakula. Mwanga ukizidi, na haswa maji yakiwa na joto, huo mwani unalemewa, unaanza kutoa oksijeni ya aina ya sumu, na tumbawe linaufukuza ndio lijiokoe. Hapo ndio tunasema limepauka. Ni kitu ile ile iliyopiga matumbawe ya pwani yetu 1998 wakati wa El Niño, jua lilikuwa ni lile la kila siku, joto la maji ndio liliongezeka.

Sasa sisi watu wa Kisumu tuko na shida moja, macho yetu yamezoea maji ya aina ingine. Enda Dunga hapo ufuoni mwa ziwa uzamishe mkono mpaka kiwiko uone kama utahesabu vidole. Maji ya ghuba yamejaa tope na mwani, yanameza bluu kwanza, kinachobaki kushuka chini ni manjano na nyekundu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliandika 1997 kwamba maji yakichafuka fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wanashindwa kutofautisha rangi za wenzao wakati wa kuchagua mwenzi, yaani mwanga wa majini ni jambo kubwa hivyo. Bahari safi ni kinyume kabisa, nyekundu inaisha kwa mita chache za juu na bluu ndio inashuka mbali. Kwa hivyo tumbawe limeumbiwa bluu, na jicho letu haliioni bluu vizuri, tunaona tanki kaa liko na giza kumbe limejaa mwanga. Hapo ndio wengi wanaongeza na kuongeza.

Kununua sitakaa sana. Tafuta taa ambayo bluu yake iko kati ya nanomita 440 na 460, ikiwa na zambarau kidogo ya 400 mpaka 420 ni vizuri, nyeupe kiasi, na nyekundu na kijani ziwe chache sana ama zisiwe. Taa za kukuza miche, zile za rangi ya pinki, wacha. Flodilaiti ya hadiwea wacha pia. Kitu ya lazima ni bluu na nyeupe ziwe na dima zao tofauti, yaani vile vitufe vya kuongeza na kupunguza mwanga, manake taa yenye swichi moja ya kuwasha na kuzima hautaiweza. Na usidanganywe na wati zilizoandikwa kwa kartoni, boksi nyingi za bei nafuu (boksi naita taa yenyewe) zinavuta chini ya hiyo namba. Boksi moja ya kawaida inatosha eneo la sentimita 60 kwa 60 hivi. Tanki langu ni la lita 200, urefu sentimita 90, na boksi moja katikati iliacha pembe zote mbili na giza, nikaamua huko pembeni ni kwa matumbawe ya uyoga na mengine yanayopenda kivuli.

Kufunga: ining'inize, usiilaze juu ya kioo. Anza na sentimita 25 mpaka 30 kutoka kwa maji, na tumia waya wa chuma unaoweza kupandisha na kushusha. Kulabu iingie kwa mbao ya silingi, sio kwa bodi tupu, na boksi iko na uzito, kwa hivyo ning'inia kidogo kwa hiyo kulabu na mkono kabla ya kuiamini juu ya maji. Ukiipandisha mwanga unatawanyika na kupungua nguvu, ukiishusha unakuwa mkali mahali pamoja katikati na pembeni kunabaki giza. Usiiangalie taa yenyewe ikiwa imewaka ukiwa chini yake, bluu hiyo inaumiza macho ata kama haionekani kali, waambie watoto pia.

Sasa nguvu. Wiki ya kwanza bluu asilimia 20, nyeupe 5. Najua inaonekana kidogo sana, iache hivyo. Kila wiki ongeza 5 kwa bluu, na nyeupe ongeza 2 ama 3 ukitaka, alafu andika kwa daftari tarehe na namba, manake baada ya mwezi hutakumbuka ulikuwa wapi. Kwa boksi nyingi unafika bluu 40 mpaka 60 na nyeupe 10 mpaka 20 na unaacha hapo. Mia usifike, hakuna sababu.

Kama unaweza kuazima mita ya PAR kwa mtu, ile inayopima mwanga ambao mwani unaweza kupikia chakula, azima, ndio kipimo cha kweli. Matumbawe laini na uyoga yanatosheka na PAR 50 mpaka 100, yale magumu ya midomo mikubwa kaa nyundo na tochi 75 mpaka 150, na yale magumu ya midomo midogo kaa akropora 200 mpaka 350. App ya simu ya kupima mwanga usiiamini kwa hii kazi, inapima mwanga vile jicho la binadamu linauona, na bluu inaihesabu kidogo sana. Kama mita hakuna, tumbawe lenyewe ndio mita. Likijivuta juu kaa linatafuta hewa, ama likigeuka kahawia nzito, mwanga ni kidogo, linaongeza mwani ndio likamate zaidi. Likijikunja likafunga saa za taa, ama rangi ikianza kupauka kuanzia juu kule linapigwa na taa moja kwa moja, umezidisha, shusha leo leo, usingoje kesho. Na hiyo kuangalia ufanye na nyeupe imewaka dakika tano, saa ile ile, angalau mara moja kwa wiki. Chini ya bluu peke yake tumbawe linalokufa linaweza kukuonekania zuri kuliko lenye afya, mimi nimeshawaambia ilinifika. Ukipiga picha pia piga na nyeupe, simu ikiona bluu inafanya kila kitu zambarau na baadaye hauwezi linganisha.

Kama taa ishafungwa na inawaka na umeleta kipande kipya cha tumbawe, hauhitaji kushusha taa yote na kunyima wengine. Enda hadiwea ununue wavu wa mbu wa dirisha, kata vipande vinne vya kufunika hapo juu ya mgeni, vipange kimoja juu ya kingine, alafu toa kimoja kila siku nne ama tano. Chukua ule wa plastiki ama faiba, wa chuma utashika kutu na kutu ikiingia kwa maji ni shida ingine. Hicho kipande cha tumbawe kianzie chini kwa mchanga ata kama mwisho wake ni juu kwa mawe. Na mahali pa kutoa vipande vya tumbawe ni kwa wenzako wanaofuga, hakuna mtu aende Watamu ama Kisite kuvunja tumbawe, kule ni hifadhi na sheria iko wazi, na ata bila sheria, hayo matumbawe yameshapitia mengi.

Saa za kuwasha ni nane mpaka tisa kwa siku. Hapa Kisumu mimi naanza saa nane mchana mpaka saa nne usiku, kwa taima inasoma 14:00 mpaka 22:00. Nyeupe inaingia tu masaa manne ya katikati, saa kumi mpaka saa mbili. Nilihamisha huko kwa sababu mbili, mchana tuko kazini hakuna anayeliona tanki, na joto: maji yangu mwezi wa pili na wa tatu yanafika nyuzi 29 bila msaada wa mtu, kwa hivyo saa zenye taa nyingi ziangukie jioni hewa imepoa. LED haimwagi joto kwa maji kaa zile taa kubwa za zamani lakini ile mgongo yake ya chuma inapata moto, na kwa chumba kidogo utausikia. Lenga nyuzi 24 mpaka 27. Siku maji yamepita 28 mimi nashusha bluu asilimia 10 mpaka joto lishuke, kwa sababu joto na mwanga zinapiga pamoja. Jamaa yangu wa Nakuru hana hii shida kabisa, yeye usiku baridi inashuka mpaka hita inafanya kazi mpaka asubuhi, kwake nilimwambia awashe saa yoyote anapenda. Dirisha usisahau, jua likigonga tanki moja kwa moja asubuhi hayo ni masaa umeongeza bila kuhesabu, na mwani wa kioo utakuambia.

Stima sasa. Taa inayovuta wati 100 kwa masaa 8 ni uniti 0.8 kwa siku, karibu uniti 24 kwa mwezi, hesabu na bei yako ya tokeni kabla hujaweka mbili. Zile taima za kuzungusha na kidole zinasimama stima ikipotea, ikipotea masaa matatu kesho taa yako inachelewa kuwaka masaa matatu na utashangaa, nunua ya dijitali yenye betri ndani. Stima ikirudi usiongeze masaa ya kufidia, tumbawe linavumilia siku moja ama mbili bila taa. Kisichovumilia ni maji kusimama, kwa hivyo kama uko na betri ya akiba iende kwa pampu. Taa ichomeke kwa gadi ya friji, ile inayochelewesha dakika chache stima ikirudi, manake wakati wa radi za jioni stima inapotea na kurudi na hiyo ya kwanza kurudi ndio inachoma draiva, kile kifaa cha kulisha LED umeme.

Na waya: ekstensheni iwe juu ukutani mbali na maji, na kila waya ulegee ushuke chini ya soketi kwanza alafu upande kuingia, ndio tone likiteremka lidondoke sakafuni lisiingie kwa plagi. Maji ya chumvi sio ya kucheza nayo. Ukigusa taa kwa kazi yoyote chomoa kabisa.

Halafu wale wadudu wa ziwa. Kama unaishi huku karibu na maji unajua wakija wanakuja kaa moshi, na bluu wanaifuata. Mwaka jana waliingia usiku mmoja nikiwa nimeacha dirisha wazi, asubuhi feni ya taa imeziba, haizunguki, na juu ya maji kuna utando mweusi wa maiti zao, wakioza hapo nitreti, ule uchafu wa vitu vilivyooza, inapanda. Sai niko na kifuniko cha wavu juu ya tanki na wavu kwa dirisha, na feni naipuliza vumbi kila mwezi kwa brashi ya rangi iliyo kavu. Kumbuka tu kifuniko cha wavu kinakula mwanga kiasi, ukikiweka ama kukitoa hiyo ni sawa na kubadilisha dima.

Kitu kaa hiyo ndio inatokea na ukoko wa chumvi. Kile kioo cha chini ya taa kinapata ukungu mweupe wa chumvi pole pole, mwanga unapungua hauoni, unaongeza dima, alafu siku moja unasafisha na matumbawe yanapigwa na mwanga yote mara moja. Pangusa kila wiki mbili na kitambaa laini chenye maji safi yasiyo na chumvi, kwa mkono mwepesi. Kama imeshakaa miezi bila kuguswa, safisha lakini siku hiyo hiyo shusha bluu robo, alafu uipandishe tena kwa zile 5 za kila wiki.

Na ukiamua kuongeza boksi ya pili, siku ya kuifunga shusha ya kwanza nusu, mpya ianze 15, na daftari ianze ukurasa mpya.