Ralonji ya kigurudumu: ifungueni yote

Nyie mnaopiga sono, yaani vyombo vya sauti, kwenye harusi na kampeni za injili hapa Goma: ralonji, yaani waya wa kurefusha umeme, ikibeba mzigo wa umeme ikiwa bado imeviringwa kwenye kigurudumu chake, inachemka ndani kwa ndani hadi plastiki inayeyuka. Ifungueni yote, hata mkihitaji mita 5 tu. Wala msiilaze kwenye mawe ya volkano. Lava ya 2002 ina makali, inachana ganda la waya, na mvua yetu haibishi hodi. Wekeni mbao chini yake.

Kwenye jenereta fungeni dijonkta inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Fundi ahakikishe nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, imeunganishwa na bodi ya chuma ya jenereta, la sivyo kitufe cha majaribio cha dijonkta kitakubali lakini mwimbaji akishika maikrofoni yenye hitilafu, dijonkta haitakata.