Smuthi ya kijani isiwe chungu, isiwe sukari tupu

Kwa wale mnaotengeneza smuthi ya kijani nyumbani alafu watoto wanaikataa, mara nyingi majani yamezidi. Anza na vikombe vitatu vya matunda kwa viwili vya mchicha au spinachi, ulimi ukishazoea ndo unaongeza majani taratibu, na usijaze matunda matupu ukamwagia na juisi ya dukani juu maana hapo unakunywa sukari tu.

Saga majani na maji kwanza mpaka yalainike kabisa, au tumia dafu, huku Mtwara dafu halisumbui kupata, ndo uweke matunda. Ndizi mbivu inaficha ladha ya majani vizuri sana, embe pia, na limao kidogo mwishoni linachangamsha. Msimu wa korosho mabibo yanaoza tu chini ya mikorosho wakati yana vitamini C nyingi kweli, yatumieni jamani, ila yanakaba koo kwa hiyo weka nusu bibo na ndizi ya kutosha.

Ila kisamvu USISAGE KIBICHI, nasisitiza hili, kina sumu ya sayanaidi, lazima kitwangwe na kipikwe kikaiva. Na mchicha usiwe wa kila siku, una okzaleti nyingi, kemikali ya asili inayochangia mawe kwenye figo, aliyewahi kuumwa mawe hayo ndo awe makini zaidi, siku nyingine weka sukuma wiki, toa ile mishipa migumu ya katikati