Kutoka malalamiko ya wadi hadi bajeti ya kaunti: jinsi ya kuupangia mto mdogo

Ukiajiriwa kuwa afisa wa kupanga mazingira katika kaunti, kitakachokupokea mezani ni malalamiko. Mto unanuka. Jirani amelima hadi majini. Punda wamechafua mahali tunapochota. Aliyelalamika anastahili kujibiwa, na kwangu mimi barua ya kumshukuru si jibu. Jibu ni mradi uliotengewa fedha, unaojulikana uko wapi na nani atautunza.

Mimi nafanya kazi hii Nakuru, Kenya, kwa hiyo nitaeleza kwa kutumia Mto Njoro. Unaanzia Mau Mashariki, unapita mashamba ya Nessuit, mji wa Njoro na viunga vya jiji, kisha unaishia Ziwa Nakuru. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Udongo, mbolea, maji taka, chochote kinacholetwa na Njoro kinabaki humo, katika ziwa ambalo tangu 1990 limo katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Sijui kazi nyingine ya kaunti ambayo kosa la juu mlimani hufika kwa jirani wa chini upesi hivi.

Tembea mto kabla ya kufungua kompyuta. Nenda Februari, kiangazi kikiwa kimekolea, halafu urudi Aprili au Mei masika yakishika. Safari ya kiangazi ndiyo yenye siri nyingi. Sehemu za chini za Njoro hukauka kabisa wakati huo, kwa hiyo ukikuta bomba linatiririsha kitu mtoni na hakujanyesha kwa wiki kadhaa, hayo si maji ya mvua. Piga picha, weka utepe wa kupimia ndani ya picha ili ukubwa uonekane, na uandike majira ya nukta, yaani namba za GPS za mahali hapo, kutoka kwenye simu. Vaa gambuti. Usiende peke yako: mchukue mzee wa mtaa, mwanachama wa chama cha watumiaji maji, na afisa wa afya ya umma. Huyu wa mwisho ni muhimu kuliko vijana wengi wanavyofikiri, maana watu wamezoea kumwona akikagua vyoo na hoteli, na milango humfungukia.

Sasa tusimame mahali pamoja tupaangalie vizuri. Karibu na kila kivuko kuna sehemu ambapo ukingo umelala, udongo umekuwa tope jeusi, na nyasi zimekwisha. Hapo ndipo mikokoteni ya punda huingia. Mwenye mkokoteni huuingiza mtoni hadi maji yafike kwenye ekseli, kisha husimama juu na kujaza mapipa kwa mkebe, mkebe baada ya mkebe. Punda wakiwa wanangoja hunywa, hukojoa na kuacha samadi humo humo. Hatua chache chini yake utamwona mama akiosha nguo, na chini zaidi mtoto na dumu lake. Maji ya mapipa yale yanaelekea kuuzwa nyumba kwa nyumba, kwa watu wasio na mfereji.

Afisa mwenye haraka ataandika: punda wapigwe marufuku mtoni. Mimi napinga jambo hilo kwa moyo wote. Ukimfukuza mwenye punda umewakatia maji mamia ya jikoni, naye kesho ataingilia kwa kivuko kingine na kuharibu ukingo mpya. Anachohitaji ni mahali pa kujazia akiwa nchi kavu. Hapo tayari una mradi: kisima au pampu, tangi lililoinuliwa, mabomba ya kujazia mapipa, na hori la mifugo, vyote vikae mbali na ukingo. Keti na wenye punda uwaulize wanafika saa ngapi, wanajaza mapipa mangapi kwa safari, na wako tayari kulipa kiasi gani kwa pipa. Majibu yao ndiyo yatakayokuambia ukubwa wa tangi, na kama mradi utaweza kumlipa mtunzaji wake.

Kuhusu ukingo wenyewe, sheria iko wazi. Kanuni za ubora wa maji za 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinakataza kulima au kujenga kando ya mto katika eneo lenye upana sawa na wa mto, lisilopungua mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Watu hupimia kwenye maji ya Februari, wakati mto umekonda. Tafuta alama ya mafuriko: matambara na plastiki zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye ukuta wa nyumba, na kumbukumbu za wazee walioishi hapo. Kupigilia vigingi si kazi yako ukiwa peke yako. Waite Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, mje pamoja. Na mwenye shamba akikuonyesha hatimiliki inayofika katikati ya mto, usibishane naye juu ya umiliki. Mweleze kwamba sheria inaweka mpaka wa matumizi hata kama ardhi ni yake, kisha mzungumze ni nini anaweza kupanda kitakachomfaa. Mianzi na majani ya mifugo hushika udongo na humpa kitu cha kukata. Mikaratusi mwombe aiweke juu, mbali na maji.

Jua pia mwenye kazi ni nani, la sivyo utatumia mwaka mzima kuandika barua kwa ofisi isiyo yenyewe. Msitu wa Mau uliotangazwa kwenye gazeti la serikali ni wa KFS, shirika la misitu. Mbuga ya Ziwa Nakuru ni ya KWS, shirika la wanyamapori. Kibali cha kuchota maji kinatoka WRA, na leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Taka, mitaro ya maji ya mvua, huduma za maji na majitaka, uhifadhi wa udongo: haya Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyakabidhi kaunti. Mradi wako wa kwanza utoe humo.

Halafu baraza. Usiliitishe siku ya soko, na usikubali liwe la hotuba. Tandaza karatasi kubwa chini, chora mto kwa kalamu nene, uwape watu kalamu. Usiulize "shida zenu ni zipi?" kwa sababu utaletewa orodha ya kila kitu kuanzia barabara. Uliza: kiangazi mnachota wapi? Ukingo ulivunjika wapi mvua iliyopita? Nani analima pale? Kaa na akina mama pembeni, bila wenye mashamba makubwa, maana wanajua kila njia ya kushukia mtoni na mbele ya watu hawatasema yote. Andika kumbukumbu na uchukue sahihi za waliohudhuria. Ushirikishaji wa umma ni takwa la Katiba, na mahakama zetu zimewahi kufuta sheria kwa kukosa jambo hilo tu.

Sehemu ya kuandika ni fupi. Ukurasa mmoja kwa kila mradi: uko wapi, ni kitu gani hasa, unagharimu kiasi gani kwa makadirio ya mhandisi wa kaunti, nani atautunza, na tutajuaje umefaulu. "Kuboresha mazingira ya mto" hakuna mhasibu atakayeliwekea shilingi. "Kituo cha kujazia maji chenye tangi, mabomba mawili na hori, mita 40 kutoka ukingoni, kivuko fulani" kinaweza kubishaniwa, kukaguliwa na kulipiwa.

Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mlango wake hufungwa mapema mno. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwe umefika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Mradi usiokuwemo kwenye mpango wa Septemba utakuwa unaomba kuingilia dirishani. Na mpango huo wa Septemba nao sharti utokane na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ambao wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Tafuta ukurasa unaotaja mito au vyanzo vya maji, unukuu namba yake kwenye karatasi yako. Kisha mpeleke mwakilishi wadi mtoni, asubuhi mikokoteni ikiwa imejaa. Atakayekutetea bungeni awe ameliona tope lile kwa macho yake.

Kwa wanaopanga sehemu za chini, karibu na ziwa, nina ombi moja zito. Msiamini ramani za zamani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limepanda kutoka kama kilomita 40 za mraba hadi zaidi ya 60. Lilifunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwatoa watu nyumbani kwao Mwariki na Barut. Flamingo wengi walihamia Bogoria chumvi ilipopungua. Choo, kituo cha maji au kitalu cha miche kisiwekwe kwa kufuata ufuo wa karatasini. Pima kutoka pale maji yalipofika juu kabisa, halafu ongeza nafasi.

Fedha zikishapita, panda miche masika yanapoanza wala usingoje sherehe ya mgeni rasmi ambayo huenda ikaahirishwa hadi jua limerudi. Lipia utunzaji kwenye bajeti ileile: mtu wa kumwagilia, uzio wa kuzuia mbuzi, miche ya kuziba mapengo. Hesabu iliyo hai Machi inayofuata, baada ya kiangazi kizima, na hiyo ndiyo idadi ya kuandika kwenye ripoti. Mradi ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, rekebisha kilichotajwa, uurudishe kwenye bajeti ya nyongeza au mpango wa Septemba. Nakala moja ya karatasi zako ibaki kwa chama cha watumiaji maji, kwa sababu wewe unaweza kuhamishwa kabla ya Julai.