Moto ukishapita: mambo ya kuzingatia kabla ya kurudia maisha ya uani

Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza Novemba, pori la miyombo la Sikonge, Urambo na Uyui, mkoani Tabora, huwa kavu, na moto hautafuti sababu kubwa. Mmoja anasafisha shamba, mwingine anarina asali kwa mwenge, wa tatu ana tanuri la mkaa, upepo unamalizia. Watu wakishauzima hurudi kulala. Kwa mwenye nyumba pembezoni mwa pori, kazi ndiyo kwanza inaanza: uwanja wake sasa ndio kipande chenye kivuli, maji na chakula, na kila kilichoponea kitafika hapo.

Kabla ya kuwaachia watoto wacheze nje, kagua visiki. Mizizi huendelea kuungua chini kwa chini siku kadhaa huku juu pamepoa. Penye majivu meupe, laini, yaliyotitia kidogo, usikanyage. Chomeka fimbo ndefu, mwaga maji, koroga, mwaga tena. Mti ulioliwa na moto shinani usifungie mbuzi chini yake. Moto ukifufuka ukakushinda, Zimamoto ni 114.

Nyoka ndio wanaoogopesha, na kwa haki. Ila nyoka hafuati watu, anafuata panya, na panya wanafuata mahindi. Kwa hiyo anza na gunia: liinue juu ya kichanja, zoa punje zilizomwagika, funika pumba za kuku. Kisha ondoa rundo la matofali na kuni zilizoegemezwa ukutani mwa jiko, tena kwa jembe au reki, si kwa mkono, maana kifutu hakimbii ukimkaribia. Hulala palepale akitegemea rangi yake, na juu ya majani yaliyoungua nusu humwoni. Usiku vaa mabuti hata kama unakwenda chooni tu, shika tochi, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro.

Ulizia mapema, si siku ya ajali, ni kituo gani kina dawa ya kupambana na sumu ya nyoka. Usidhani kila zahanati inayo. Pengine safari itakuwa hadi Kitete, hospitali ya mkoa mjini Tabora, kwa hiyo namba ya bodaboda au ya mwenye gari iwe kwenye simu. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, apelekwe. Kuchanja, kunyonya, kufunga kamba ya kukaza na jiwe jeusi la nyoka vinapoteza muda tu, na najua wapo watakaobisha. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi mfululizo, kisha nenda hospitali.

Nyuki nao ni wenyeji wetu, na mizinga yao huungua. Kundi lililohama hutua kwenye mwembe au chini ya paa, limening'inia kama kibuyu cha kahawia. Likiwa bado halijajenga masega mara nyingi huwa tulivu, na baada ya muda huondoka lenyewe. Usilirushie mawe wala kulimwagia dizeli. Hamisha mbuzi na mbwa waliofungwa karibu, mwite mfuga nyuki jirani aje jioni na mzinga mtupu. Wakianza kugombania maji na mama anayeosha vyombo, wawekee beseni lao mbali na jiko, lenye mawe ya kutulia wasizame.

Kobe aliyeingia uani mpe kivuli na maji, aende zake. Komba au mtoto wa ngedere usimfanye wa nyumbani: anang'ata, kuna kichaa cha mbwa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kumfuga bila kibali. Toa taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Nguchiro atamaliza vifaranga. Banda lifungwe kabla ya magharibi.

Kuhusu miti, usikimbilie shoka. Miyombo huchipua kabla ya mvua, majani yakiwa mekundu, hata shina likiwa jeusi tii. Ngoja uone. Maji ndiyo hayangoji: funika kisima sasa, na mvua ya kwanza ikinyesha, mfereji wa bati uuondoe kwenye tangi mpaka maji yanayotoka yawe hayana weusi.