SOMO: Kusomea udaktari bingwa Ujerumani kwa aliyehitimu shahada ya udaktari (MD au MBChB) nyumbani

Kila wiki napokea ujumbe uleule: "Daktari, nifanyeje nije Ujerumani kusomea ubingwa?" Nimejibu mmojammoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja na kuanzia leo kila atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Niko mwaka wa nne wa mafunzo ya upasuaji. Tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Kwanza, Ujerumani hakuna chuo cha ubingwa unachoomba kujiunga nacho kama MMed, ile shahada ya ubingwa ya kwetu. Hulipi ada, na hakuna mtihani wa taifa wa kugawa nafasi. Unaajiriwa na hospitali kama Assistenzarzt, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa, na miaka unayofanya kazi chini ya bingwa mwenye kibali cha kufundisha ndiyo mafunzo yenyewe. Tiba ya ndani, watoto, uzazi na usingizi wa upasuaji ni miezi 60 kwa uchache. Upasuaji ni 72. Mwisho unafanya mtihani wa mdomo mbele ya chama cha madaktari cha jimbo (Ärztekammer). Mshahara wa mwaka wa kwanza, kwenye hospitali zinazofuata mkataba wa pamoja, unazidi euro 5,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Hatua ya 1. Maliza utarajali na upate usajili kamili. Wanataka uwe unaruhusiwa kutibu nchini kwako.

Hatua ya 2. Kijerumani hadi B2, ngazi ya nne kati ya sita za lugha. Goethe-Institut ipo Dar es Salaam na Nairobi. Anza ukiwa bado kazini.

Hatua ya 3. Nyaraka: cheti cha shahada, transkripti yenye saa za kila somo na kila mzunguko wa wodini, cheti cha utarajali, usajili, cheti cha polisi, na barua ya Baraza la Madaktari kuthibitisha kwamba leseni yako haina doa. Hiyo barua iombe mwishoni kabisa, maana mamlaka nyingi hazipokei iliyozidi miezi mitatu. Tafsiri zote zifanywe na mfasiri aliyeapishwa.

Hatua ya 4. Chagua jimbo moja kati ya 16 na uombe Approbation, yaani leseni kamili, huko huko. Usitawanye maombi majimbo matano, kwa sababu fomu inakuuliza kama umeshaomba kwingine na unasaini jibu lako.

Hatua ya 5. Fachsprachprüfung, mtihani wa lugha ya kitabibu wa kiwango cha C1. Dakika 20 unachukua historia ya mgonjwa wa kuigiza, dakika 20 unaandika ripoti, dakika 20 unamweleza daktari mwenzako. Hawapimi ujuzi wako wa tiba. Wanaoanguka wengi ni madaktari wazuri wanaozungumza na mgonjwa kama kitabu: mgonjwa anasema Zuckerkrankheit (ugonjwa wa sukari), wewe unarudi na jina la kitabuni, Diabetes mellitus. Kwa mgonjwa tumia lugha ya mgonjwa, kwa daktari tumia lugha ya daktari, na uweze kuhama mara moja. Mazoezi ya watu wawili kwa sauti yanasaidia kuliko kusoma orodha za maneno.

Hatua ya 6. Mamlaka inalinganisha mtaala wako na wa Ujerumani. Ikiona pengo kubwa, na kwa vyuo vyetu mara nyingi huliona, unafanya Kenntnisprüfung, mtihani wa ujuzi wa tiba: mdomo na vitendo, dakika 60 hadi 90, uzito ukiwa kwenye tiba ya ndani na upasuaji. Unaruhusiwa kurudia mara mbili tu, na ukishindwa zote kuhama jimbo hakukuokoi. Ukisubiri unaweza kupewa Berufserlaubnis, leseni ya muda isiyozidi miaka miwili, inayotumika ndani ya jimbo hilo tu.

Hatua ya 7. Kazi. Hapa naomba mtulie, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza miaka. Ukishapata leseni utafurahia hospitali yoyote itakayokuita, hasa zile za miji midogo zenye uhaba. Lakini kibali cha kufundisha anapewa daktari binafsi, si hospitali, na kinaandikwa idadi ya miezi. Mkuu wa idara anaweza kuwa na kibali cha miezi 24 tu kati ya 72 unayohitaji. Ukikaa kwake miaka minne, zile mbili za ziada ni kazi na mshahara, mafunzo hayahesabiki. Na akihama, kibali chake hapo kinakoma. Hospitali yangu ya kwanza mkuu aliondoka ghafla, idara ikabaki bila mwenye kibali kwa miezi, na sisi tuliokuwa chini yake tuliendelea na zamu za usiku kama kawaida huku vijitabu vyetu vya kurekodi mafunzo vikiwa vitupu. Hakuna aliyetuambia. Kwa hiyo:

– Uliza idadi ya miezi kabla ya kusaini mkataba.
– Kijitabu cha mafunzo kisainiwe kila mwaka, usingoje wa mwisho.
– Miezi ya leseni ya muda usiichukulie tayari kuwa imehesabiwa. Iulize Ärztekammer, na jibu liwe la maandishi.

MASWALI

Msukuma_Tarajali: Mkuu naweza kuja na Kiingereza halafu Kijerumani nikajifunzia huko huko? Nina IELTS 7.5.

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 2 na ya 5.

Msukuma_Tarajali: Lakini nasikia kuna hospitali zinatumia Kiingereza.

Mwandishi: Mgonjwa wako atakuwa bibi wa miaka 80 mwenye maumivu ya kifua saa nane usiku. Utamuuliza nini? Rudi usome hatua ya 5.

Kipepeo254: Shikamoo daktari. Kuna wakala anataka nimlipe kwanza, anaahidi Approbation ndani ya miezi mitatu.

Mwandishi: Marahaba. Usimpe hata shilingi. Leseni inatolewa na mamlaka ya jimbo na wakala hana uwezo wa kuiharakisha. Wakala wa kweli wa ajira hulipwa na hospitali inayomtafuta daktari.

Dkt_Neema_Mza: Asante kwa somo. Mimi nimefanya MMed ya upasuaji mwaka mmoja na nusu nikasimama kwa kukosa ada. Ule muda unapotea?

Mwandishi: Swali zuri, dada. Si lazima upotee. Ukishapata leseni unaweza kuiomba Ärztekammer ikutambulie mafunzo ya nje, wakiona yanalingana na ya kwao. Wanaamua kwa ushahidi, kwa hiyo kabla hujaondoka Mwanza pata barua ya mkuu wa idara yenye tarehe za kuanza na kumaliza kila mzunguko, na orodha ya operesheni ulizofanya mwenyewe na ulizosaidia, kila ukurasa una saini na muhuri. Ukishakuwa huku, kupata saini hiyo kwa simu ni mateso. Nipe siku mbili nikutumie muundo wa orodha ninaoutumia mimi.

Mzalendo_Afya: Mnakimbia nchi halafu mnafundisha wengine kukimbia. Wagonjwa wa Tandahimba watatibiwa na nani?

Mwandishi: Ndugu, nimefanya kazi hospitali ya wilaya ambako bingwa wa karibu alikuwa safari ya siku nzima. Ninajifunza upasuaji ili niurudishe. Na anayetaka kubaki ana njia: COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao Arusha, kinafundisha ndani ya hospitali zilizoidhinishwa za kanda yetu, ukiwa kazini. Kama ningekuwa na hospitali kama hiyo karibu ningeifikiria kwanza. Wanaosoma hapa waifikirie.

Bi_Leipzig: Naongezea kwa walioko huku tayari. Ombeni Hospitation, wiki mbili au nne za kuangalia tu wodini. Mimi nilipata kwa kuandika barua pepe moja kwa moja kwa sekretari wa mkuu wa idara. Ripoti ya asubuhi peke yake inafundisha Kijerumani kuliko darasa.

Mwandishi: Kweli kabisa, na wengi hupewa kazi palepale walipoangalia.

Dkt_Neema_Mza: Swali la mwisho. Kuuliza miezi ya kibali kwenye usaili, mkuu hataona namvunjia heshima?

Mwandishi: Hataona hivyo, Wajerumani wenyewe huuliza. Ila usiende mikono mitupu. Ärztekammer za majimbo huweka mtandaoni orodha ya wenye vibali, jina, hospitali na miezi. Itafute kabla ya usaili. Kisha muulize: "Miezi iliyobaki watu wako huimalizia wapi?" Mwenye makubaliano ya kubadilishana na hospitali jirani atakujibu mara moja na kukutajia hospitali hiyo. Akianza kuzunguka, endelea kutafuta kwingine.