Somo: Kumtafuta na kumtambua vunjajungu porini

Vunjajungu huwinda kwa kuvizia, kwa hiyo anayepita haraka hamwoni. Chagua kichaka kimoja chenye maua, usimame hapo.

1. Tafuta mabaki kwanza. Ukikuta mabawa ya kipepeo yametapakaa chini ya ua, kagua taratibu juu yake na chini ya majani. Usiku angalia karibu na taa ya baraza. Madume huruka kufuata mwanga.

2. Hakikisha ni yeye. Kichwa cha pembetatu kinachogeuka huku na huku, kifua kirefu, miguu ya mbele imekunjwa na ina miiba. Mdudu-kijiti hana miguu hiyo ya kunasia.

3. Jike au dume? Hesabu pingili upande wa chini wa tumbo la aliyekomaa: jike 6, dume 8. Dume pia ni mwembamba, na vipapasio vyake (nyuzi za kichwani) ni virefu zaidi.

4. Aina. Hapa wengi hukosea kwa kuanza na rangi. Anza na umbo na alama. Mkubwa mnene mwenye doa jeupe kwenye kila bawa la mbele, huenda ni Sphodromantis. Alama ya mzingo mfano wa jicho bawani ni ya Pseudocreobotra wahlbergii, anayekaa mauani. Aliyelala bapa kwenye gome, mtazame kama Tarachodes. Jike wake hulinda mayai. Piga picha ya upande wa ndani wa miguu ya mbele pia: Mantis religiosa ana doa jeusi hapo, karibu na kifua.

Maswali ya wanachama

*Shambani nimekuta wa kijani na wa kahawia. Ni aina mbili?*
Si lazima, ndugu. Aina moja huweza kuwa na rangi zote mbili.

*Kidoa cheusi jichoni mwake kinanifuata kila nikisogea. Ananitazama?*
Hiyo si mboni. Jicho lake ni mkusanyiko wa vijicho vingi, na vile vinavyokuelekea vinameza mwanga, ndiyo maana unaona weusi.

*Ana sumu?*
Hana. Ukimbana atakuchoma kwa miiba, basi.

*Ukutani kuna kitu kama povu lililokauka. Nikibandue?*
Tafadhali kiache, ni kifuko cha mayai yake. Ukiona vitundu vidogo vya duara ubavuni, nyigu vimelea wameshatoka humo.