Kumwekea mtoto katheta ya muda mrefu: mshipa kwanza, sindano baadaye

Mtoto wa saratani akishachomwa kanula (kimrija kifupi cha mshipani) wiki tatu mfululizo, mishipa ya mikono yake huwa migumu kama kamba. Hapo ndipo wengi tunapokumbuka katheta ya muda mrefu, yaani mrija mrefu mwembamba unaobaki mshipani, ilhali ilifaa iwekwe siku ile ile tiba ya miezi ilipoamuliwa. Ninayoeleza hapa ni ile ya kupitia mkono wa juu, kwa waliofundishwa na wanaosimamiwa.

Hatua ya 1. Mpashe mtoto joto. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai huibana mishipa. Blanketi, kitambaa cha uvuguvugu mkononi kama dakika 10, na mama akae karibu na kichwa.

Hatua ya 2. Pima mshipa kwa altrasaundi kabla hujafungua pakiti yoyote na kabla hujafunga mpira wa kubana mkono. Tafuta vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) iitwayo basiliki, upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kwapa. Bonyeza kidogo: vena hulala, ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) huendelea kudunda. Kisha shika kanuni hii: namba ya katheta (kipimo cha French) isizidi milimita za upana wa mshipa. Katheta namba 3 ina unene wa milimita 1, hivyo kwenye mshipa wa milimita 3 inachukua theluthi tu ya upana na damu inapata pa kupita. Ikibanwa, damu hutuama na kuganda. Mshipa ukiwa milimita 2 na kabatini kuna namba 3 pekee, acha. Angalia mkono wa pili, au ongea na daktari wa upasuaji kuhusu mshipa wa shingoni. Miaka yangu ya mwanzo nililazimisha. Siku chache baadaye mkono wa yule binti ulivimba hadi begani. Sijamsahau.

Hatua ya 3. Mkono ukiwa umenyooshwa pembeni, pima kutoka utakapochoma hadi ukingo wa kulia wa mfupa wa kifua, kisha shuka hadi nafasi ya tatu ya mbavu.

Hatua ya 4. Kofia, barakoa, gauni, glavu, shuka la kumfunika mtoto mzima. Paka klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) yenye spiriti, iache ikauke yenyewe sekunde 30. Kwa wa chini ya miezi 2 kuwa mwangalifu, huunguza ngozi.

Hatua ya 5. Weka ganzi, choma ukifuata ncha ya sindano kwenye skrini. Pitisha waya wa kuongozea katheta bila nguvu, wala usiuachie. Katheta inapopanda, mgeuze mtoto uso kuelekea mkono huo, kidevu chini, isikimbilie shingoni.

Hatua ya 6. Piga eksirei mkono ukiwa ubavuni, maana mkono ukisogea na ncha husogea. Ncha ya katheta iwe pale vena kava ya juu, mshipa mkubwa wa kifuani, inapoingia moyoni. Safisha kwa maji ya chumvi ukitumia bomba la sindano la mililita 10, sukuma kidogo, simama, sukuma tena; bomba dogo lina presha ya kuipasua katheta.

Andika kwenye faili sentimita zilizobaki nje ya ngozi. Muuguzi wa zamu ya usiku akikuta zimeongezeka, katheta imevutika: asipitishe dawa mpaka eksirei irudiwe.